Naomba ushauri: njia tulivu ya baiskeli yenye mto na miti, upande wa Kondoa

BintiWaIrangi:
Habari za jioni wadau. Naishi Dodoma mjini, Nkuhungu. Mwezi wa nane nina likizo ya siku kumi na nataka kuendesha baiskeli kwenye bonde lenye mto na miti ya kutosha, huko Kondoa. Lami ya Babati siitaki kabisa. Mabasi ya Arusha yanavyopita pale mnayajua, na malori ndiyo usiseme. Natafuta njia ya vumbi isiyo na magari, yenye kivuli, isiyo na vilima vya kukata pumzi. Nimefikiria kufuata mto Bubu kutoka Farkwa kupanda hadi Kondoa. Tutakuwa wawili. Aliyewahi kupita anielekeze tafadhali, jambo hili linaninyima usingizi.

Tairi_Bapa:
Dada, lami ile ilipozinduliwa 2018 mimi nilikuwa wa kwanza kuifurahia. Kabla ya hapo Dodoma–Kondoa ilikuwa vumbi kichwani mpaka miguuni, na masika gari linalala njiani. Leo kilomita kama 158 unaziteleza tu. Ondoka Dodoma saa kumi alfajiri kabla upepo wa mashariki haujaamka, lala Chemba, kesho yake uko Kondoa. Mimi nilifanya hivyo na Phoenix yangu ikiwa na gia moja na debe la mafuta ya alizeti nyuma. Nikafika na debe langu, halijamwagika hata tone.

BintiWaIrangi:
Asante kaka, ila nimesema lami siitaki.

Mchimba_Visima:
Farkwa kwenda Kondoa kwa kufuata Bubu usithubutu. Nimefanya kazi Chemba miaka minne. Upande ule kuna Pori la Akiba la Swagaswaga, na tembo hawasomi ramani. Wanatoka, wanaingia mashambani, wanavuka njia usiku na hata asubuhi. Ukiwa kwenye gari unarudi nyuma. Ukiwa kwenye baiskeli kwenye mchanga unarudi nyuma kwa kutumia nini?

MamaZabibu:
Na mbigiri! Hakuna aliyemwambia habari za mbigiri. Kiangazi ile miiba imekauka imekuwa misumari. Nilikuwa naenda Hombolo kwa baiskeli enzi nasoma, siku moja nilipata pancha tano. Gundi ikaisha, nikajaza majani makavu ndani ya tairi nikakanyaga hivyo hivyo mpaka nyumbani. Beba tyubu mbili, pampu, na viraka vya kutosha.

Fundi_Spoku:
Baiskeli ya aina gani? Kila mtu ya kwake? Hilo ndilo swali la kwanza, mengine yanafuata.

BintiWaIrangi:
Ni moja.

Fundi_Spoku:
Moja kwa watu wawili? Mwenzako utambeba kwenye keria kilomita zote hizo? Ana uzito gani? Tueleze vizuri dada, huwezi kupewa dawa bila kusema unaumwa wapi.

BintiWaIrangi:
Hatabebwa. Nimempa fundi wa hapa Nkuhungu fremu mbili za Phoenix azichomelee ziwe baiskeli moja ndefu. Mbele nitakaa mimi, nyuma atakaa yeye, wote tunakanyaga. Malipo ya awali nimeshatoa na fremu ya kwanza ameshaikata, kwa hiyo habari ya kuniambia niache haipo. Nataka njia tu.

Mchimba_Visima:
Kwa nini mwenzako asiendeshe ya kwake?

BintiWaIrangi:
Haoni.

Ni baba yangu. Presha ya macho ilianza jicho la kushoto, likafuata la kulia, na tulichelewa kumpeleka hospitali. Sasa ni mwaka wa tatu. Ana nguvu zake, goti moja tu ndilo linamsumbua akitembea mwendo mrefu, lakini akikalia baiskeli anakanyaga vizuri. Tumejaribu uani, nilipoisimamisha kwenye stendi.

MzeeWaMlenda:
Binti, Mungu akubariki kwa kumtunza mzazi. Lakini mzazi kumtunza ni kumkalisha kivulini, uji wake mkononi, redio pembeni. Kumpitisha porini mtu asiyeona ni kumtafutia ajali. Kaka zako wako wapi? Wanasemaje?

BintiWaIrangi:
Shikamoo mzee. Kaka yupo Arusha. Sijamwambia. Nitamwambia tukisharudi.

MzeeWaMlenda:
Marahaba. Basi hapo ndipo penye tatizo, njia si tatizo.

MamaZabibu:
Mzee, na kaka wa Arusha akiambiwa atafanya nini zaidi ya kukataza kwa simu? Anayemwogesha baba ni nani? Mimi nimemuuguza mama yangu miaka sita, wakaja kina kaka siku ya msiba wakapanga kila kitu mpaka viti. Mwache binti aamue.

Tairi_Bapa:
Lakini dada, kuna teksi, kuna noa, hata bodaboda. Mpandishe mzee kwenye gari, mfike Kondoa, ale kuku, arudi. Shida ipo wapi?

BintiWaIrangi:
Kwenye gari atasikia injini tu.

Anachotaka kusikia ni miti. Yeye ni Mrangi, kwao ni upande wa Kolo. Mwaka 1979 alikuwa na miaka 19, anachunga ng'ombe wa babu. Ikatoka amri mifugo yote iondoke kwenye vilima vya Irangi kwa sababu ardhi ilikuwa imekwisha, makorongo yamekula mashamba. Wakaswaga ng'ombe mpaka Kiteto, na mimi nimezaliwa hukohuko. Hajarudi kukaa tena. Ndugu wakipiga simu wanamwambia msitu umerudi, umefunga. Yeye anasema wanamliwaza mtu kipofu. Anasema kilima alichokiacha kilikuwa chekundu kama nyama, hakuna hata jani la kufukuzia nzi. Anataka apite polepole, asikie majani, ashuke ashike shina kwa mkono wake. Ndiyo maana nikauliza njia yenye miti.

Namba_Witiri:
Mimi nitasema wanachoogopa wengine. Hii hadithi imetungwa. Angalieni mtiririko: kwanza "tuko wawili", kisha baiskeli moja, kisha kipofu, sasa tumefika 1979. Kila akibanwa inazaliwa sura mpya. Halafu mtu wa Irangi anaomba bonde lenye mto mwezi wa nane! Bubu mwezi wa nane ni mchanga mtupu, watu wanachimba vishimo kupata maji. Mrangi gani hajui hilo? Kesho tutawekewa namba ya kuchangia baiskeli.

Tairi_Bapa:
Mh. Na mimi nilishaanza kujiuliza.

Fundi_Spoku:
Mimi sijui mambo ya 1979, ila anayetunga asingeandika kwamba fremu ya kwanza imeshakatwa. Angesema ameagiza baiskeli ya watu wawili kutoka nje, hapo ningemkamata.

BintiWaIrangi:
Sihitaji mchango wa mtu. Namba sijaweka na sitaweka. Kuhusu mto uko sahihi, sikujua. Nimewaambia nimezaliwa Kiteto, Kondoa nimepita kwenye basi mara mbili. Mto ninaoujua ni wa midomoni mwa baba, na baba alikuwa ananywesha ng'ombe humo. Sikuanza na habari zake kwa sababu nilijua mtaacha kuzungumzia njia mzungumzie kama mimi ni mtoto mzuri au mbaya. Ndicho kilichotokea.

Chemchem_77:
Naomba niingie, na Namba_Witiri usikilize. Ni kweli tupu. Mradi uliitwa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973. Walijenga matuta, wakapanda miti, ardhi ikaendelea kuondoka, ndipo 1979 wakafunga eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 lisiwe na mifugo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, vyote nje. Mama yangu alikuwa ana mtoto mchanga mwaka ule. Anasema asubuhi moja kijiji kilikuwa kimya mpaka jogoo wakasikika vibaya, na maziwa yakawa kitu cha kusimuliwa. Watu wa nje wakija wanasifu msitu, na ni wa kusifiwa, lakini sisi tunajua ulilipiwa na nani. Miaka ya baadaye ndipo wakaruhusu ng'ombe wachache wa kufungia ndani, wanakatiwa majani.

Dada, mwambie baba hadanganywi. Kwenye miteremko miyombo imerudi, chini kwenye mchanga migunga imesimama. Ila usimfiche visiki. Kuna mahali shoka limerudi pia, na akipapasa kwa mkono atavikuta mwenyewe. Bora avisikie kwako kwanza.

MamaZabibu:
Nimelia hapa kwenye foleni ya benki.

Mchimba_Visima:
Sasa tuzungumze njia. Achana na Farkwa. Pandeni basi Dodoma mpaka Kolo, baiskeli juu ya keria la basi, mkubaliane na konda nauli yake mapema. Kolo iko kilomita ishirini na kitu kaskazini ya Kondoa, palepale barabarani. Kutoka hapo kuna njia ya vumbi inayoshuka kwenda kwenye vilima vya michoro ya miambani, ile iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Haizidi kilomita kumi kwenda. Gari ni la mgeni mmojammoja, kuna siku halipiti hata moja. Pitieni kwanza ofisi inayosimamia michoro palepale Kolo, mlipie, mpewe mtu wa kuwaongoza. Kule huendi bila kibali, na wenyeji bado wana mahali pao pa kutambikia.

Chemchem_77:
Hiyo ndiyo njia. Mtavuka mto wa mchanga. Shukeni wote wawili, msukume, usijaribu kuupita umekalia. Mwezi wa nane hauna maji, lakini sehemu yenye miti mikubwa ukichimba kwa kiganja unakuta unyevu. Mpe baba achimbe. Na mkirudi Kondoa mjini mpeleke chemchem. Ile haikauki, na sauti ya maji ataipata hapo.

Fundi_Spoku:
Hamjamaliza na mimi. Dada, mwambie fundi wako asiishie kuunganisha fremu katikati, kiungo kitapinda siku ya kwanza. Aweke bomba refu linalotoka kwenye shingo ya mbele likashuke mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Usukani wa nyuma ufungwe kabisa usizunguke, baba aushike tu. Breki za fito ziondoe, watu wawili kwenye mteremko hazishiki, weka za waya mbele na nyuma. Rimu ya nyuma iwe mpya, spoku nene. Na kabla ya safari mzunguke Nkuhungu wiki nzima, asubuhi na mapema, mpaka mzoeane. Asiyeona huhisi kona imechelewa, kwa hiyo umwambie "kulia" kabla hujakata, siyo wakati unakata.

BintiWaIrangi:
Hilo la bomba sikulijua. Nimempigia fundi sasa hivi, anasema ataongeza pesa kidogo, sawa. Breki nitabadilisha. Farkwa nimeifuta.

Kaka nimemtumia ujumbe. Amesoma, hajajibu.

Namba_Witiri:
Dada nisamehe. Babu yangu naye alitoka na ng'ombe mwaka huohuo, wao walielekea Hanang. Hakuwahi kutuhadithia, tulisikia kwa watu msibani kwake. Nilipoona 1979 nilikasirika kabla sijamaliza kusoma.

BintiWaIrangi:
Yameisha kaka.

Nimemsomea baba uzi wote, mpaka ulichoandika wewe. Amecheka kwenye debe la alizeti. Kwenye visiki amekaa kimya muda mrefu, kisha akauliza ni visiki vya mti gani. Chemchem_77, unaweza kumjibu?

Chemchem_77:
Mwambie vingi ni vya miyombo. Na mwambie vinachipua.