Birere wameniuzishia gitare ya PS3 bila risiva, na adapta ya volti 120 yenye imetoa moshi mbele ya watoto

Salama ba ndugu. Naandika hii na hasira tangu juzi, haijashuka ata kidogo. Mwenye anapanga kununua vyombo vya game mu Birere, soko yetu hapa Goma, asome mpaka mwisho mbele ya kutoa dolari yake ata moja.

Watoto wa dada yangu wako watatu na wanapenda muziki kupita chakula, yule wa katikati anapigaga ngoma ku kanisa na ana miaka 11 tu. Niliwaahidi kama wakipita ku shule nitawatafutia seti ya Rock Band, game ya video ya kupiga muziki, ile ya kwanza yenye ilitoka 2007, ya PS3 juu njo mashini ya game tunayo nyumbani. Wamepita wote. Nikapata mutu anauzisha, dolari 130, mu kartoni yake: gitare, ngoma nne ku stendi yake na pedali ya mguu, mikro ya USB, diski yenye nyimbo 58. Nikamuuliza mara tatu, papa, hakuna kitu inakosa? Akaniambia "Patron, iko kamili, ni ya Marekani hii, unaweka tu unacheza." Nikasema tujaribishe, akasema umeme imekata, na kweli ilikuwa imekata. Nikalipa. Kartoni ilikuwa kubwa, wa motari wawili wakaikataa, nikaipandisha ku chukudu, ile trotineti ya mbao ya kubeba mizigo, mpaka kwetu Katindo na watoto wanakimbia nyuma yake.

Tunafungua. Kuko kile kisanduku chenye matundu manne ya USB, kinaingia ku PS3 juu PS3 yetu ina matundu mawili tu na vyombo viko vingi, na kinakuja na adapta yake ya umeme. Nikaingiza adapta ku ralonji. Haikupita dakika mbili harufu ya plastiki inaungua ikajaza salon, kisha moshi, mukubwa wao akachomoa ralonji yote ku ukuta. Adapta ilikuwa moto mpaka siwezi kuishika. Nikaigeuza na taa ya simu, kwa maandiko madogo kama ya ku dawa: INPUT 120V 60Hz. Bas! Marekani wako na 120, sisi huku ni 220, hii kitu haikuwa na njia yoyote ya kupona. Ingekuwa imeandikwa 100-240V hakuna shida, iyo unaingiza popote. Sasa mimi sijasomea umeme, lakini huyu mutu anauzisha vya umeme kila siku toka asubuhi mpaka jioni, ata juu ya meza yake kuko transfo za kushusha 220 mpaka 110, anaziuzisha! Anajua muzuri sana kwa nini watu wanazinunua. Na ameniangalia nabeba ile kartoni na hajafungua kinywa. Mutoto angekuwa na mukono pale ningekuwa naandika kitu ingine leo.

Tuendelee. Gitare. Nimeweka betri, taa inawaka, inazima, ku televizyo hakuna kitu. Nikageuza kartoni yote, nikatoa mpaka zile sponji, risiva hakuna. Kwa wenye hawajui: gitare ya PS3 ya hii game haishikane na PS3 yenyewe kama manete ya kawaida, ile ya kushika mu mikono. Inazungumza na ka risiva kake ka USB, kadogo kama kidole, na kila gitare inataka ya aina yake. Risiva ya Guitar Hero, game ingine ya gitare, haifanye kazi ku hii. Ku mashini zingine hauna shida iyo: gitare ya hii seti ya Xbox 360 iko na waya ya USB, unaingiza moja kwa moja, na Guitar Hero ya Wii unaingiza manete ya Wii ndani ya gitare. Lakini ya PS3 bila risiva ni kipande ya plastiki yenye vifungo vya rangi. Mutu mwenye aliitoa ile risiva aliitoa, haikujitembeza yenyewe.

Pedali nayo ilikuwa imefungwa na skochi nyeusi katikati. Nikabandua skochi, chini yake ufa toka upande mpaka upande, wameujaza kole, kole yenyewe bado inanuka. Bado inanuka ba ndugu! Maana ni juzi juzi tu, waliibandika wakijua inaenda kuuzishwa. Mutoto ameikanyaga mara tano ikakatika mara mbili.

Chenye kimetembea ni zile ngoma, juu za hii seti ziko na waya, nikaziingiza moja kwa moja ku PS3. Mwanzo kila pigo ilikuwa inahesabiwa imechelewa, mutoto akaanza kufikiri yeye njo hajui. Si yeye. Televizyo za flati zinachelewesha picha kidogo, unaingia ku mipangilio ya game, unatafuta calibration, unapanga sauti na picha mpaka vinaenda pamoja. Tukapanga, na yule wa 11 akapiga ngoma bila pedali, mikono tu, kijani, nyekundu, njano, bluu, nikamuona vile mabega yake yanaenda na wimbo, dada zake wanashindania mikro. Kisha mudogo akakuja na gitare ameivaa shingoni, amesimama pale katikati ya salon anangoja zamu yake. "Mujomba, yangu itawaka saa ngapi?" Nimwambie nini?

Kesho yake nikarudi na kartoni yote. Papa yule, ile heshima ya patron imeisha, sasa ni "mimi pia nilinunua vile mu balo, sikufungua." Ulikuwa haujafungua, kole nani alipaka? Akanyamaza. Akaniletea risiva ingine toka ku ndoo ya masharja, nikaijaribisha palepale juu siku iyo umeme ilikuwako, kapa. Nikamuomba anirudishie nusu, dolari 65, nimuachie gitare na ile adapta yake. Akasema kitu kikitoka ku meza hakirudi, na vijana wake wakaanza kunicheka mbele ya wateja. Nimeondoka na kartoni yangu ku mabega.

Sitaji jina la mutu hapa. Lakini kesho narudi na mukubwa wa avenue yetu na picha za adapta, za ufa, na za ile skochi, na naomba kama kuko wengine wamenunua vyombo vya game kwa mutu ule wa kona, mwenye anawekaga spika mbili kubwa inje, muniandikie ku inbox tuende pamoja.

Na mwenye ana risiva ya gitare ya Rock Band ya PS3, Goma, Bukavu ao ata Gisenyi ngambo, ata kama gitare yake ilishavunjika zamani, aniambie bei. Nakuja na gitare, tunajaribisha kwanza, ikiwaka nalipa palepale. Mudogo ameniuliza tena asubuhi hii.