Tupeane uzoefu: paka mwenye hofu anayelia mchana na usiku, ulimtulizaje?

Bint Mkunazini (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nnaye paka jike, jina lake Zabibu, mwaka wa nne huu naishi naye hapa Mkunazini. Alikuwa mpole, sauti yake tukiisikia pale tu anaponusa vibua. Mwaka huu kabadilika. Ilianza usiku wa kuamkia 12 Januari, fataki za Mapinduzi zilipopigwa saa sita: alikimbilia uvunguni akakaa huko mpaka jua limetoka. Kabla hajatulia sawasawa, nyumba tunayopakana nayo ukuta kwa ukuta ikaanza kutengenezwa. Nyumba zetu hizi za mawe na chokaa mnazijua, nyundo ikigonga kwa jirani kikombe kinatikisika kwangu. Mafundi wanaingia saa mbili asubuhi wanatoka saa kumi, na muda wote huo Zabibu anahama chumba hiki kwenda kile, analia. Ule mlio mfupi wa kuomba chakula naujua. Huu ni mrefu, unaanzia chini unapanda, kama mtu anayemwita mwenzake aliyempotea.

Nilikosea mwanzoni. Nilimfungia jikoni ili watu walale, na mara mbili nilimrushia maji. Akazidi. Siku moja kajilaza chali mkekani, nikaona tumboni pana mahali hapana manyoya kabisa, ukubwa wa kiganja cha mtoto, ngozi imekuwa nyekundu kwa kujiramba. Nililia, nawaambia kweli. Mnyama kafika kujichubua mwenyewe na mimi nilikuwa namrushia maji.

Nikachukua daftari la skuli la mwanangu nikawa naandika kila anapolia, saa ngapi na kulikuwa na nini. Kwa wiki moja tu nikaona jambo. Ijumaa mafundi huondoka mapema kwenda msikitini na hawarudi, na Ijumaa mchana Zabibu alilala. Nilipotazama tena nikagundua sahani yake ya chakula na ya maji zote ziko chini ya ule ule ukuta unaogongwa. Maskini, alikuwa akishikwa na njaa lazima asogelee kile anachokiogopa.

Nikahamishia kila kitu chumba cha nyuma kinachotazama ua. Nikalaza boksi la kartoni juu ya kabati la chini, mdomo umeelekea ukutani kidogo ili aone mlango naye asionekane, na ndani nikatia kanga yangu niliyoilalia siku tatu bila kuifua. Saa moja na nusu, kabla nyundo hazijaanza, namwekea chakula humo humo. Simbebi kumtia, anaingia mwenyewe. Leo siku ya kumi na sita. Bado analia, lakini ni asubuhi wanapoanza tu, kisha ananyamaza.

Waliopitia haya naomba mnisimulie. Mlifanya nini, na ilichukua muda gani?

Mama Watatu, Jang'ombe

Wa alaykumus salaam, shoga yangu. Wangu alianza nilipojifungua mtoto wa tatu. Nimo kwenye arubaini, chumba kimejaa wageni, udi unafuka, paka kafungiwa nje ya mlango. Miaka mitano alikuwa akilala miguuni pangu, leo hana ruhusa hata ya kuingia. Akawa anakaa kizingitini analia toka magharibi mpaka usiku wa manane. Mama mkwe akasema huyu paka si bure, atupwe sokoni kwenye samaki atajitafutia. Mume wangu alikuwa keshatafuta gunia.

Aliyemnusuru ni dada yangu. Alichukua kofia ya mtoto iliyovuliwa, akaiweka karibu na sahani ya paka wakati wa kula. Siku ya kwanza paka alikula kwa mbali, shingo kainyoosha. Siku ya nne alikula huku kidevu kimeigusa kofia. Basi ile harufu aliyokuwa akiiona ngeni ikawa harufu ya chakula. Na kila siku baada ya laasiri, mtoto akilala, dada alikaa na paka robo saa, anamvutia uzi wenye unyoya wa kuku mwishoni mpaka achoke. Robo saa hiyo haikukosekana hata siku moja. Arubaini ilipoisha mlango ukafunguliwa, akaingia, akanusa kitanda, akatoka zake. Kulia kulikwisha kabisa mtoto alipofika kama miezi mitatu.

Chandarua kilikuwa kimefungwa vizuri na hatukumwacha paka na mtoto peke yao, hilo nalisema kwa kina mama.

Jivu la Kuni

Mnajipa tabu. Paka akilia usiku mpige kandambili moja, atanyamaza.

Mwana wa Wete

Ndugu yangu Jivu la Kuni, sote tumefundishwa chuoni habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha ale vijidudu vya ardhini. Hadithi hiyo ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim. Tena kipigo hakimtulizi mwenye hofu, kinamwongezea kitu cha pili cha kuogopa, nacho ni wewe.

Langu mie ni la kuwaonya, kwa sababu niliponea chupuchupu kumpoteza. Nilikuwa na dume, Shaibu. Ndugu yangu alihamia kwangu Wete na paka wake wawili, na Shaibu akaanza kulia. Nikasema wivu huu, atazoea. Siku ya pili yake nikamwona anaingia kwenye beseni la mchanga, anachuchumaa, analia, anatoka. Baada ya dakika tano anarudi. Nilipoukung'uta ule mchanga kwa mkono ulikuwa mkavu. Hata tone moja la mkojo. Mara ya mwisho lilitoka tone lina damu, na nilipomgusa tumbo lilikuwa gumu kama chungwa bichi, akanikwaruza, paka ambaye hajawahi kunitolea kucha.

Bwana mifugo alimzibua kwa mpira mwembamba. Alinieleza kwamba njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, huziba kwa vijichembe vya chumvi na ute, na dhiki ya nyumbani ni moja katika mambo yanayochangia. Akiziba kabisa, siku moja au mbili tu zinatosha kumuua. Kwa hiyo dume akilia huku anachuchumaa na hatoi kitu, usingoje kesho wala usikae unaandika mada. Mpeleke.

Baadaye niliongeza mabeseni, paka watatu mabeseni manne, kila moja pembe yake, mchanga wa pwani ninaouosha kwanza maji baridi ili chumvi itoke. Na maji ya kunywa naweka sehemu tatu. Shaibu yuko hai mpaka leo, mnene.

Bint Mkunazini

Mwana wa Wete, Mungu akulipe kheri. Nimeinuka hapa hapa nikaenda kutazama beseni. Liko sawa, alhamdulillahi.

Mzee wa Baraza

Wanangu, nakumbuka ule umeme ulipotukatikia Unguja nzima, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Kila duka na jenereta lake, mlangoni petu yalikuwa mawili. Tulikuwa na paka mzee, alilia usiku wa kwanza mpaka wa tano. Mke wangu, Mungu amrehemu, alimtandikia chini ya ngazi nyuma ya magunia ya mchele, penye ukuta mnene, na kila baada ya isha alikuwa akikaa pale anasoma nyiradi kwa sauti ya chini. Yule paka akawa anamngoja. Jenereta zinanguruma nje, yeye kalala kamwekea kichwa juu ya kiatu chake. Sijui dawa zaidi ya hiyo.

Mhudumu wa Mifugo

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ndiyo dawa khasa. Mie nimehudumia wanyama miaka kumi na moja, naongeza machache.

Paka wakubwa hawaliliani sana wao kwa wao. Mama hulia na watoto wake, na majike na madume huitana wakati wa joto la kutaka kupandana, lakini ule mlio wa kila siku wameuweka kwa ajili yetu binadamu. Kwa hiyo anapolia anakuambia wewe. Kabla ya kusema ni hofu, ondoa mengine. Jike ambaye hajafungwa kizazi atalia usiku kucha, atajiviringisha chini na kuinua kiuno, na atarudia kila baada ya wiki mbili tatu mpaka apate dume. Huyo hana dhiki, ana joto, na kufungwa kizazi kunalimaliza. Paka mzee wa miaka kumi na zaidi akianza kulia usiku, huenda masikio yamekufa, au ana maradhi ya figo, au tezi ya shingoni imezidi kufanya kazi: anakula sana na anakonda. Huyo ni wa daktari.

Kulia alfajiri msikuhesabu kuwa ugonjwa. Alfajiri na magharibi ndizo saa zake za kuwinda. Ukiinuka kumpa dagaa kila akilia saa kumi na moja, umemfundisha. Mpe mlo wake wa mwisho kabla hujalala, baada ya kumchezesha.

Mwiko mkubwa: usimpe panadol, hata kipande. Mwili wa paka hauwezi kuivunja, inaharibu damu yake. Nimeletewa watatu waliopewa na watu wanaowapenda kabisa, mmoja tu alipona.

Na jambo dogo la bure. Ukikutana naye macho, yafumbe taratibu, yafumbue taratibu, kisha tazama pembeni. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha kwamba paka hujibu kwa kufumba yao, na humsogelea zaidi mtu aliyewafanyia hivyo. Kumkodolea macho paka mwenye hofu ni kumtisha.

Wa Meli ya Asubuhi

Nilihama Chake Chake kuja Fuoni na paka wangu ndani ya tenga lililofunikwa kanga. Honi ya meli ilipopigwa Mkoani alijikojolea, na alivyofika hapa alilia siku tatu mfululizo, hali chakula. Nilitaka kumwachia nyumba nzima aizoee. Jirani akanikataza, akasema mpe chumba kimoja tu. Nikamwekea kile kile kipande cha godoro cha Chake, nikafunga mlango, nikawa naingia kukaa sakafuni bila kumshika. Siku ya sita alisugua shavu kwenye mguu wa kitanda, kisha kwenye goti langu. Hapo nikafungua mlango kidogo. Nje hakutoka mpaka wiki ya tano.

Bint Mkunazini

Nimerudi na habari. Juzi nilifanya ya Mama Watatu: nilimwomba fundi mmoja kitambaa chake cha kufutia jasho, nikakiweka hatua tatu kutoka kwenye boksi, kila siku nakisogeza. Alinielewa, wala hakushangaa, akasema kwao Makunduchi nao wana paka. Tena akaniambia wiki ijayo wanabomoa dari ya juu, kutakuwa na kishindo siku mbili. Siku hizo nimeamua kumpeleka Zabibu kwa shangazi Bububu na boksi lake na kanga yake, mradi kishindo kimpite mbali.

Wa Meli ya Asubuhi, tenga lako ulilifunga vipi pale juu asichomoke? La kwangu mdomo ni mpana.

Wa Meli ya Asubuhi

Kunja kanga mara mbili, shonea pembeni kwa sindano ya magunia, bakisha upande mmoja ufunge kwa kamba. Na anza leo kulitia tenga chumbani kwake likiwa wazi, na kipande cha samaki ndani. Siku ya safari lisiwe jambo jipya.