Mama kafagia uwanja

Mama Neema: Mbukwenyi wanangu. Leo nimefagia uwanja wote kwa fagio la chelewa, nimeinama mwenyewe

Baraka: Mama!! na pingili za mgongo zimesagika? si dokta alikukataza kuinama

Mama Neema: alinikataza mwaka juzi baada ya eksirei nami nikashika hilohilo, viatu navalishwa, nikitaka kukohoa nashika ukuta kwanza. Nilijua nikiinama tu mgongo unakatika kama ufito

Shangazi Eda: ila mkanda wa kiuno umeufunga wifi?

Mama Neema: mkanda nimefungia mlango wa banda la mbuzi

Shangazi Eda: 😂😂😂

Neema: Shangazi mkanda hata WHO kwenye mwongozo wao wa maumivu sugu ya kiuno, Desemba 2023, hawaushauri, wanataka watu wafanye mazoezi. Na Baraka hizo pingili ukiwapiga picha wazee wa Nkuhungu yote utazikuta hata kwa wasioumwa, ni kama mvi tu. Mtu akiogopa anajilaza, misuli inalegea, akija kunyanyuka inauma zaidi basi anaogopa zaidi anajilaza tena

Baraka: kumbe maumivu yenyewe ya kichwani

Mama Neema: Baraka usinitibue. Yanauma kiunoni hapa, hata leo yameuma na nimefagia nayo hivyohivyo. Neema aliniambia nitaje vitu ninavyoviogopa kuanzia kidogo, chini kabisa nikaweka kuokota kijiko juu ya kigoda, juu kabisa ndoo ya lita 20. Basi wiki nzima naokota kijiko mara kumi asubuhi mara kumi jioni, baba yenu anachungulia dirishani anadhani nimerukwa na akili 😅 nikaenda kijiko cha chini, kopo, kidumu cha lita 5. Halafu maji ya mgao yakatoka usiku nikapata tamaa nikajaza madumu yote, siku mbili mgongo umekaza kama ubao, nalia nasema nimejiua. Neema akasema punguza mama ila usiache. Nikarudi kwenye kijiko changu

Shangazi Eda: na ndoo ya 20 je

Mama Neema: hiyo bado 🙈

Baba Mkubwa: Shemeji hongera. Na mimi kiuno kinanisumbua, tangu juzi huku makalioni hadi mapajani kumekufa ganzi na haja ndogo nakuta imeshatoka, samahanini kwa lugha. Nianze na kijiko?

Neema: HAPANA baba mkubwa. Hiyo siyo ya mazoezi, mshipa wa fahamu unaweza kuwa umebanwa, hospitali leo leo sio kesho

Shangazi Eda: Kaka umekaa na hilo tangu juzi kimya???

Baba Mkubwa: ngoja nimalize uji

Neema: uji weka chini baba

Baraka: natafuta bajaji nipo Kizota dakika kumi

Mama Neema: nipitie na mimi hapa

Baraka: mama ile barabara ina mashimo

Mama Neema: nimeshavaa viatu