Jino la mbele la kijana wangu limekufa, eti mzizi waweza kuendelea kukua?

Mama Likoni: Asalaam aleikum wadau, naomba ushauri. Kijana wangu ana miaka 9, Ramadhani alikuwa akikimbizana na wenzake baada ya futari akaenda kupiga mdomo kwenye ngazi, jino la juu la mbele likakatika kipande, sisi tukaona si kitu manake damu ilikata. Sasa limeingia ukijivu na kwenye ufizi kuna kijipu kama chunusi, ukikibonyeza chatoka usaha. Daktari wa kwanza kasema ling'olewe. Wa pili, huyu ilibidi tuvuke feri, kasema ruti kanali ya kawaida (ile ya kusafisha ndani ya mzizi na kuujaza dawa) haimfai ila kuna tiba ya kufanya mzizi ukue. Nshachanganyikiwa, jino lishakufa lakua vipi?

Kaka Ganzi: Pole sana mama. Mimi ni msaidizi kliniki ya meno, na huyo wa pili sidhani amekudanganya. Jino hilo hutoka mtoto akiwa na miaka 7 au 8, lakini ncha ya mzizi yachukua kama miaka 3 hivi tangu litoke ndo ifunge. Kwa hivyo la kijana wako kwenye eksirei laonekana kama mrija, kuta nyembamba na huko juu kwenye ncha wazi, ile dawa ya kujazia haina pa kushika. Wanachofanya ni kuosha kwa klorini nyepesi, watia dawa ya kuua bakteria wiki kadhaa, akirudi wamchoma ganzi isiyo na adrenalini (adrenalini yabana mishipa na hapo damu ndo inatakikana) halafu wachokoa kidogo kupita ncha mpaka damu iingie ijae ndani ya mzizi. Ikiganda wafunika na saruji maalum. Damu hiyo huja na seli changa za kwenye ncha, ndo hizo zatarajiwa kuendeleza mzizi. Si jambo la jana, Wajapani waliripoti jino moja 2001, madaktari wa meno Banchs na Trope wakaleta lingine 2004.

Mzee wa Majengo: Biashara tu hizo. Ng'oa, tia la bandia, maisha yaendelee.

Kaka Ganzi: Mzee wangu, mtoto wa miaka 9 hawekewi implanti (jino la bandia la kuskurubu kwenye mfupa), taya bado lakua. Na uking'oa, mfupa wa pale unapungua.

Bint Kibokoni: Wangu alifanyiwa, sasa mwaka umepita, kijipu kilipotea na kwenye picha kuta zimenenepa kiasi. Ila jino lilibadilika rangi! Kumbe ile dawa ya antibiotiki tatu ilikuwa na minosaiklini, hiyo ndo hupaka rangi, ulizia mapema shoga. Na aiskrimu hasikii baridi upande ule.

Kaka Ganzi: Ndo hapo sasa. Neva yenyewe hairudi, meno yaliyochunguzwa kwa hadubini mengi yalikutwa na kitu kama mfupa mfupa ndani, sio kiini halisi (ile nyama laini ya ndani ya jino). Wachina 2018 walijaribu seli za meno ya utotoni na wagonjwa wakarudisha hisia, lakini huo ni utafiti.

Mama Likoni: Shukran jamani. Jumatatu twarudi kwa yule wa pili, hiyo minosaiklini nshaiandika kwenye karatasi. Mwenyewe ashaanza kuniuliza kama sindano yauma.

Bint Kibokoni: Ya ganzi wangu aliilia mpaka nje wakasikia, ya damu hata hakujua 😂