Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba kifaa chako cha kupimia kinasema kweli?

Mkerezaji wa Temeke (mwanzisha mada)

Ndugu mafundi, habari za kazi. Naanzisha mada hii kwa sababu ya shafti moja ya pampu ya maji iliyorudishwa kwangu baada ya wiki mbili, na ninaamini wengi wetu tunaofanya kazi za vyuma nyumbani tumewahi kurudishiwa kazi ya namna hiyo bila kujua kosa lilianzia wapi. Shafti hiyo ilitakiwa kuingia kwenye beringi namba 6205, ambayo tundu lake ni milimita 25. Niliikereza kwa uangalifu, nikaipima kwa venia (kifaa cha kupimia chenye taya mbili) ya kidijitali niliyoinunua mpya, kioo kikaandika 25.00, nami nikamkabidhi mteja kwa moyo mweupe. Iliporudi, ringi ya ndani ya beringi ilikuwa ikizunguka peke yake na imekwisha kuila shafti. Jirani yangu mwenye maikromita, kile kifaa cha kupimia kwa skrubu, alipima sehemu ambayo beringi haikuigusa, akapata 24.94.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Skrubu ndogo zilizo juu ya kitelezi cha venia, yaani sehemu inayosogea pamoja na taya, zilikuwa zimelegea, kwa hiyo taya lilikuwa likiinama kila nilipobana. Wakati wa kurudisha sifuri nilibana kwa nguvu ya kidole gumba, taya likainama, na hapo ndipo nilipobonyeza kitufe. Shafti yenyewe niliipima kwa mkono mwepesi, taya likiwa limesimama sawasawa. Udhaifu huo umo katika kila venia, hata ya bei kubwa, kwa kuwa kipimo husomwa kwenye ubao wa juu ilhali kitu kinabanwa chini, mbali na mstari wa kipimo. Skrubu ya maikromita imelala kwenye mstari uleule wa kitu kinachopimwa, na Mjerumani Ernst Abbe alikwisha kueleza umuhimu wa jambo hilo mwaka 1890.

Nimejifunza pia kwamba wingi wa tarakimu kwenye kioo hauonyeshi usahihi wa kifaa. Venia inayoonyesha hadi 0.01, hata ikitoka kiwanda chenye heshima, kwa kawaida hudhaminiwa kwa kosa la 0.02 juu au chini, wakati shafti ya milimita 25 inayotakiwa kuikaza beringi kidogo huhitaji kuwa kati ya 25.002 na 25.015. Nilikuwa nikitafuta kipimo kilicho kidogo kuliko kosa la kifaa chenyewe.

Naomba kila mwenye karakana atueleze alinunua nini, na hasa ni kitu gani kilichomfanya akiamini kifaa chake au aache kukiamini.

Fundi wa Kariobangi

Pole sana, kaka. Mimi ni mama mwenye karakana ndogo ya kutengeneza bushi na pini, na maikromita yangu ya 0 hadi 25 niliinunua kuukuu kwa muuza vyuma chakavu. Sijutii, lakini nilikataa tatu kabla ya kuichukua hiyo. Ya kwanza ilikuwa na jina kubwa la Kijapani, ila herufi zake zilichapwa vibaya na ngoma yake, ile sehemu ya duara yenye mistari inayozungushwa kwa mkono, ilikuwa ikizunguka kwa mikwaruzo, mahali pengine nzito na pengine nyepesi. Majina yanayoaminika ndiyo yanayoigwa zaidi, kwa hiyo sinunui jina peke yake. Ya pili ilikuwa na mchezo: nilipoushika mhimili wake na kuutikisa mbele na nyuma, ulisogea. Ya tatu racheti yake, kile kifundo cha mwisho kinachoteleza nguvu ya kubana ikitosha, ilikuwa imevunjika, nami bila racheti siwezi kubana kwa nguvu ileile mara mbili.

Niliyoichukua niliijaribu palepale. Nilifunga nyuso zake taratibu juu ya kipande cha karatasi safi na kukivuta, ili kiondoe vumbi na mafuta, kisha nikafunga tena kwa racheti na kuangalia kama mstari wa sifuri umekutana. Nilirudia mara tano, na mara zote tano ulikutana mahali pamoja. Kwangu hilo lina uzito kuliko sifuri yenyewe, kwa sababu sifuri iliyohama hurekebishwa kwa spana yake ndogo, lakini kifaa kinachotoa jibu jipya kila mara hakina dawa.

Nyumbani niliipima kwa beringi mpya za wakala ninayemwamini. Beringi namba 608 ina kipenyo cha nje cha milimita 22, nayo haitakiwi kupungua zaidi ya sehemu tisa za elfu za milimita; namba 625 ina milimita 16, nayo hupungua si zaidi ya sehemu nane za elfu. Kwa fundi asiye na vipimo rasmi, hicho ni kipimo cha rejea kinachopatikana katika duka lolote la spea. Pima kipenyo tu. Upana wa beringi usiutegemee, kwani viwanda vinaruhusiwa kuukosea kwa kiasi kikubwa zaidi.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Binti yangu wa Kariobangi amefanya kazi nzuri, nami naomba kuongeza jambo moja ambalo nililifundisha kwa miaka mingi. Skrubu ya maikromita ya kawaida husogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja, na ngoma yake imegawanywa mara 50. Ukipima milimita 16 na 22, ngoma husimama kwenye sifuri mara zote mbili, kwa hiyo umekagua skrubu mahali pamoja tu pa mzunguko wake. Ndiyo maana seti ya vipande vya kukagulia maikromita ina namba zinazoonekana za ajabu: 2.5, 5.1, 7.7, 10.3, 12.9, 15, 17.6, 20.2, 22.8 na 25. Vipande hivyo huisimamisha ngoma mahali tofautitofauti pa mzunguko wake. Vipande vya namna hiyo vinatokana na kazi ya Carl Edvard Johansson wa Sweden, aliyepata hataza yake mwaka 1901. Seti nzima ni ghali kwa mtu mmoja, lakini mafundi watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kununua vipande vitatu au vinne, wakavitunza kwa pamoja.

Sasa nije kwenye joto, kwa sababu hapa pwani ndipo tunapokosea zaidi. Vipimo vya urefu duniani vimewekwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na karakana zetu ni nadra kuwa chini ya 28. Hilo peke yake lisiwatishe: chuma cha kazi na chuma cha kifaa hutanuka karibu sawa, mradi vyote viwe na joto moja. Balaa ni kupima kazi iliyotoka kukerezwa sasa hivi. Chuma cha milimita 50 kilichopata joto la nyuzi 30 zaidi ya kifaa huongezeka takriban sehemu 0.017 ya milimita. Kikiwa ni aluminiamu, huongezeka karibu mara mbili ya hapo. Mwanafunzi wangu mmoja alikereza pistoni ya aluminiamu akiipima ingali ya moto, akafurahi kwamba imefika kipimo, na kesho yake asubuhi ikawa ndogo. Nilimrudisha kwenye mashine bila kumgombeza, kwa kuwa kifaa chake kilikuwa kizima na macho yake yalikuwa mazima. Alichokosa ni subira ya nusu saa.

Kwa anayehitaji uthibitisho wa maandishi, kwa mfano anapotengeneza spea za kiwanda, Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi, yaani ya kukagua vifaa vya kupimia, na Kenya huduma hiyo hutolewa na KEBS, shirika la viwango la huko. Fundi wa nyumbani hahitaji kupeleka kila kifaa. Apeleke kimoja kilicho bora, kisha kile ndicho kiwe hakimu wa vingine.

Fundi Meli, Mombasa

Shikamoo Mwalimu. Mimi nilirithi maikromita za Moore & Wright kutoka kwa marehemu ami yangu aliyekuwa fundi bandarini. Zilitengenezwa Sheffield na zinapima kwa inchi, kwa hiyo nililazimika kuzoea kuzidisha kwa 25.4, ambayo tangu makubaliano ya mwaka 1959 ndiyo thamani kamili ya inchi. Mstari mmoja wa ngoma ni sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani zaidi kidogo ya sehemu mbili na nusu za mia za milimita. Mwenye kununua za inchi kwa sababu ni rahisi aukumbuke mgawanyo huo, kwa kuwa mstari mmoja pekee ni mpana kuliko nafasi yote aliyotutajia ndugu wa Temeke kwa shafti yake.

Ninachotaka kusema zaidi ni kutu. Maikromita mojawapo niliiweka kwenye boksi ikiwa imefungwa, nyuso zake zimegusana, msimu mzima wa masika. Unyevu uliingia katikati na nilipoifungua nilikuta vishimo vidogo ambavyo havitaondoka. Ami hakuwahi kufanya kosa hilo kwa miaka yote aliyokaa nazo kando ya bahari, nami niliona uchungu mkubwa. Tangu siku hiyo nafuta jasho la mikono, napaka mafuta ya cherehani kwa kitambaa, na ninaacha nafasi ndogo kati ya nyuso kabla ya kuweka.

Mgeni wa Kazi, Bukoba

Shikamooni wakubwa zangu. Nina jiliwa, keekee na mashine ndogo ya kukerezea, na fedha ya kununua kifaa kimoja tu kwa sasa. Je, nichukue venia ya betri au ya mistari?

Fundi wa Kariobangi

Marahaba, mdogo wangu. Chukua ya mistari, yenye mgawanyo wa 0.02, na uizoeshe macho yako. Ya betri si mbaya, lakini nyingi za bei nafuu hula betri hata zikiwa zimezimwa, na watu huzitilia betri ndogo za aina ya LR44 badala ya SR44. Zinalingana kwa umbo, ila volti ya LR44 hushuka kidogokidogo inavyotumika, na mwisho kioo huanza kurukaruka. Kabla ya kulipa, funga taya na uliangalizie kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya kwa umbo la kabari, iache dukani.

Fundi wa Ngarenaro, Arusha

Kosa langu lilikuwa kwenye daili geji, ile saa ya mshale tunayoitumia kuangalia kama kazi inazunguka bila kuyumba. Nilijinyima nikanunua yenye mgawanyo wa 0.001, kisha nikaifunga kwenye kikalio cha sumaku cha bei ya chini chenye mkono mwembamba. Mshale haukutulia hata nilipokuwa nimesimama kando. Nilimlaumu muuzaji wa saa bure, kwani tatizo lilikuwa kikalio. Leo natumia saa ya 0.01 juu ya kikalio kizito chenye nguzo nene, na kwa kupanga kazi kwenye mashine yangu kuukuu sijawahi kuhitaji zaidi. Kila asubuhi nainua ncha yake kwa kidole na kuiachia mara kadhaa. Mshale usiporejea kwenye mstari uleule, siifanyii kazi siku hiyo.

Mkerezaji wa Temeke

Nashukuruni nyote, na Mwalimu pokea shikamoo yangu. Nimekaza skrubu za kitelezi cha venia hadi taya lisogee bila kuinama, na sasa naitumia kwa kukereza hadi ibaki kama nusu milimita, basi. Nimenunua maikromita kuukuu ya 25 hadi 50, ambayo ilikuja na kipande chake cha kukagulia sifuri cha milimita 25. Muuzaji mwingine alikuwa na ya bei nafuu zaidi isiyo na kipande hicho, nikaiacha, kwa sababu bila hicho nisingekuwa na njia ya kuijua sifuri yake. Jana nilikereza shafti mpya ya mteja yuleyule, nikaenda kunywa chai kabla ya kuipima, na ngoma ikasimama kati ya 25.00 na 25.01 katika sehemu tatu tofauti. Beringi iliingia kwa kugongwa taratibu na bomba lililokaa juu ya ringi ya ndani. Pampu imefungwa leo asubuhi, nami nitarudi hapa baada ya mwezi kuwaeleza ilivyokwenda.