Nilimsingizia msaidizi wangu mlimani. Nianzie wapi?

Kijana wa Machame
Wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Majengo, Moshi, naongoza wageni mlimani Kilimanjaro mwaka wa 11 sasa. Naomba mnisome hadi mwisho.

Msimu uliopita tulipanda kwa njia ya Machame. Tulipofika kambi ya Karanga mgeni mmoja akaanza kulalamika kichwa, jioni hakula. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, msaidizi wangu akanivuta pembeni: "Kaka, huyu anayumba. Tumshushe." Nikamjibu mbele ya wagumu (wapagazi) wote kwamba nilianza kubeba mizigo mlima huu yeye akiwa darasa la tano. Saa 6 usiku tukaondoka. Chini kidogo ya Stella Point, karibu na kilele, mgeni akakaa chini, maneno yake hayaeleweki. Msaidizi na mgumu mmoja ndio waliomshika mabegani wakashuka naye hadi Barafu, wakaunganisha kuelekea Mweka, njia ya kushukia. Kadiri walivyoshuka akawa anapata nafuu.

Ofisini nilipoulizwa nikasema msaidizi hakunipa taarifa. Akaondolewa. Mimi nikabaki.

Tangu hapo usingizi umenipaa. Nikijichunguza naona si siku ile tu. Mke wangu akinisahihisha hesabu nawaka. Fundi aliponiambia ukuta wangu umepinda nilimfukuza, na ukuta kweli umepinda. Neno "nimekosea" halinitoki. Marehemu baba alikuwa hivyohivyo, na nilikuwa namchukia kwa hilo. Nikisema ukweli naweza kukosa kazi, na Januari nina ada ya watoto wawili. Nisaidieni.

Mkazi wa Sakina
Mkuu, mgeni alipona, mshukuru Mungu. Tubu kimyakimya, badilika, endelea na kazi. Ukijipeleka ofisini watoto wako ndio watakaoumia, nao hawana kosa.

Mama Kibosho
Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili. Umetueleza usingizi wako, baba yako, ada ya watoto wako. Kijana wa watu umempa neno moja tu: "akaondolewa." Ana familia? Anakula nini? Hujui, au unajua ila hukutaka kuandika? Kujihurumia na kujuta vinafanana sana mtu akiwa macho usiku peke yake.

Mzee wa Marangu
Nimeongoza zaidi ya miaka 20. Mgeni akiyumba unamwambia atembee kwenye mstari, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa anashuka, hata iwe saa 8 usiku na kilele anakiona. Ulijua hilo kuliko msaidizi wako. Kwa hiyo usikimbilie kozi nyingine ukadhani umejirekebisha. Ujuzi unao. Ulikataa kusikia kwa kuwa aliyesema ni mdogo wako.

Na mimi nilikuwa hivyo. Yaliponikuta ya kwangu kambi ya Kibo Hut, nikaanza kuuliza kila siku baada ya chakula cha jioni, mbele ya kikosi kizima: leo nimekosea wapi? Safari mbili za kwanza hakuna aliyefungua mdomo, na ukimya ule ulinionyesha nilivyokuwa naogopwa. Safari ya tatu mpishi akasema asubuhi naenda mwendo mkali, wageni wananifuata kwa kuona aibu. Iliniuma kweli. Nikamshukuru, kesho yake nikapunguza mwendo.

Dada wa Himo
Kaka, anza na kijana mwenyewe, ila ofisi usiiruke. Ukimwomba radhi kwake huku jina lake likibaki chafu kule, hujamrudishia kitu.

Mkazi wa Sakina
Kwa Mama Kibosho: umenigusa. Hata mimi sikumfikiria huyo kijana.

Kijana wa Machame
Mama, ana mtoto mmoja na mkewe ni mjamzito. Nilijua. Siku hizi anaendesha bodaboda Pasua. Niliwahi kumwona pale kijiweni nikageuza njia.

Mzee, nashukuru. Jana nimemuuliza mke wangu swali lako. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaongea hadi saa 5 usiku. Sikumkatisha.

Leo nimempigia kijana. Ameitikia, "Kaka, za siku?" kama vile hakuna kitu. Kesho saa 10 jioni naenda kwake. Barua ya ofisini nimeshaiandika. Nafikiria nimpelekee na mchele na sukari, au nitaonekana namnunua?

Mama Kibosho
Mchele siku nyingine. Kesho nenda na barua, aisome yeye kwanza, na akitaka kuongeza neno mpe kalamu.