Mamangu anakuja kutoka Nyeri, tunataka kumpeleka kaskazini mwa Minnesota na RV: tulale wapi?

shosho_anakuja

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wale mmewahi kupeleka RV, ile gari ya kulala ndani, huko juu, na nikisema juu namaanisha Duluth kupita, misituni kabisa. Mamangu anafika mwezi wa nane kutoka Nyeri, ana miaka 71, ni mara yake ya kwanza Marekani na sitaki akae wiki 6 kwa apatimenti hapa Brooklyn Park akiangalia TV huku sisi tuko job. Tumeongea na mzee wangu, yaani bwanangu, tukaamua tukodi RV ya futi 28 wiki moja. Tuko watu watano, mimi, mzee, watoto wawili wa miaka 9 na 6, na shosho wao.

Shida yangu ni hii, mama hulala na mashine ya kupumua, ile ya kuvaa puani, na daktari alimwambia asikose hata usiku mmoja. Sasa nimepata kempu moja iko mwisho kabisa wa Gunflint Trail, ile barabara ya msituni, inaitwa Trails End, picha ni tamu sana, ziwa liko hapo mlangoni na bei iko chini. Lakini nikisoma tena polepole naona hakuna stima. Mzee anasema RV ina jenereta kwa hivyo nisisumbuke. Mimi roho haijatulia.

Halafu naona kuna kempu za serikali kuu, za jimbo, za mji na za watu binafsi, kila moja na tovuti yake na sheria zake, mpaka kichwa kinazunguka. Nyinyi huwa mnachaguaje? Mnaangalia nini kwanza? Nataka mama aone miti na maji, lakini zaidi nataka alale vizuri.

treila_na_ziwa

Dada karibu, na mama akifika mfikishie shikamoo yake. Mimi ni Mtanzania niko St. Cloud, nina treila yangu na kila kiangazi tunapanda huko, kwa hiyo nakuambia nilichokiona kwa macho.

Trails End kwa safari hii achana nayo. Pazuri kweli, nimelala pale usiku tatu na nikasikia wale ndege wa majini wanaolia kama mtu anaita mwenzake ng'ambo ya mto, sitasahau. Lakini ni kama maili 57 kutoka Grand Marais, ule mji mdogo ulio kando ya Ziwa Superior, njiani vituo vya mafuta vinahesabika, simu inakata na hospitali imebaki kule nyuma Grand Marais. Na hiyo jenereta anayoisema shemeji, kwenye kempu za msitu wa taifa saa za utulivu ni saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, unatakiwa uizime, yaani inazimwa muda uleule mama anapoihitaji. Hata kama wangekuruhusu, kulala huku jenereta inanguruma chini ya kitanda si salama, ile gesi ya sumu iliyo kwenye moshi haina harufu ya kukuamsha.

Sasa kuhusu aina za kempu. Zile za Superior National Forest, ambao ni msitu wa ekari kama milioni 3, nyingi ni za kawaida sana, choo cha shimo, pampu ya mkono, meza, pete ya chuma ya moto, basi. Nafasi nyingi zilikatwa zamani watu walipokuwa wanakuja na vitreila vifupi. Ila zipo zenye umeme, mfano Fall Lake karibu na Ely, ina umeme na bafu la maji moto na ziwa lake zuri, hiyo ndiyo ningeiangalia kama unataka kulala msituni hasa. Unabuki kwa Recreation.gov, na zinafunguliwa miezi 6 kabla kwa hiyo usishangae wikendi zote zimejaa.

Za jimbo zina umeme kwenye baadhi ya nafasi tu, si zote, lazima uchague kwenye ramani ile yenye alama ya umeme. Kuna mabafu na kuna kituo cha kumwaga tangi la uchafu, lakini maji na bomba la uchafu pale ulipopaki kwa kawaida hakuna, unajaza maji ukiingia na unamwaga ukitoka. Usidanganyike na jina, Gooseberry Falls kila mtu anaitaja kwa sababu ya maporomoko ila kulala kwenye umeme hutapata, Tettegouche na Temperance River zina umeme pwani ile ya Ziwa Superior. Zinafunguliwa siku 120 kabla. Na juu ya ada ya kulala kuna kibali cha gari, cha siku au cha mwaka, chukua cha mwaka.

Halafu kuna za mji, hizi watu wanazidharau na mimi nazipenda. Two Harbors wana Burlington Bay, Grand Marais wana ya kwao pale pale bandarini, umeme, maji, bomba la uchafu, vyote unachomeka. Mmepaki karibu karibu ni kweli, lakini mama anatembea kwa miguu kwenda mjini kula, ziwa liko mbele yake, na mchana nyie mnapanda Gunflint kutembea halafu mnarudi kulala kwenye umeme. Kwa familia yenye mzee mimi ndivyo ningefanya.

Kitu cha pili baada ya umeme ni urefu. Nikueleze kilichonipata mwaka wa kwanza kabla sijanunua treila, nilikuwa nimekodi gari la futi 30 na tovuti inasema nafasi ni futi 30, nikasema sawa. Tulichelewa kutoka mjini tukafika saa 3 na robo usiku, giza totoro, mvua ya rasharasha. Nafasi ilikuwa kweli futi 30 lakini ukiingia inakata kona katikati ya misonobari miwili, mke wangu yuko nyuma na tochi ya simu ananiambia njoo njoo njoo, wote tunaangalia chini kwenye magurudumu, hakuna aliyeangalia juu. Nikasikia kraaa kama mtu anapasua shuka. Tawi limeingia kwenye kifuniko cha kiyoyozi juu ya paa, limeng'oa kipande kikubwa kama sinia ya pilau. Mzee mmoja jirani alitoka na koti la mvua na taa kubwa akanielekeza mpaka nikaingia, Mungu ambariki. Waliotukodisha wakakata pesa yote ya amana, na hawakukosea maana mkataba ulisema uharibifu wa juu ya paa ni wa kwako.

Kwa hiyo ukiwa na futi 28 tafuta nafasi ya futi 40 au ile ya kuingia mbele na kutokea mbele bila kurudi nyuma. Fika saa 10 jioni, kweupe, shukeni wawili, mmoja anaangalia nyuma na mmoja anaangalia JUU. Na usome mkataba wenu wa kukodi kuhusu barabara za changarawe, wengi hawaruhusu, na kempu nyingi za msituni ziko kwenye changarawe.

nesi_wa_usiku

Pole dada, hata mamangu anatumia hiyo mashine kwa hivyo acha niongezee hapo tu.

Mzee wako aelewe kitu kimoja, soketi za ukutani kwa RV hazifanyi kazi ukiwa kwa betri peke yake isipokuwa iwe na inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Watu wengi hugundua hivyo saa 5 usiku. Waulize hao wa kukodisha: iko na inverta ama haiko, na kuna soketi ya kawaida karibu na kitanda gani. Beba waya wa kuongezea wa kama futi 10 maana mara nyingi soketi iko upande ule mwingine wa kitanda.

Hata mkipata stima, beba betri ya akiba. Huko juu kukiwa na radi miti huanguka kwa nyaya na stima inaenda. Mashine nyingi ziko na waya wake wa kutumia betri ya volti 12, uliza ile ya modeli yake. Ukiwa kwa betri zima ile sehemu ya kupasha maji moto, ndiyo hukula chaji zaidi. Yetu tukiizima hiyo, betri moja inafika asubuhi na inabaki. Jaribuni hapo nyumbani usiku mmoja mzima kabla ya kutoka. Na yale maji safi ya mashine nunueni galoni mbili huku Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, maduka ya huko ni madogo.

Stima ya RV kama hiyo pengine ni ya ampi 30, kwa hivyo msiwashe kiyoyozi na maikrowevu pamoja, itakatika.

Sasa kwa mahali. Kama ni shosho ndiye mgeni, mbona msianze na Itasca? Hakuna mtu ameitaja. Ndiyo paki ya jimbo ya kwanza Minnesota, ya 1891, na Mto Mississippi unaanzia hapo. Tulipeleka mamangu. Kuna njia fupi tambarare mpaka penye ziwa linamwagika, kuna mawe yamepangwa na mto uko futi kama 20 hivi upana, maji hayafiki goti. Kuna gogo limesimamishwa limeandikwa mto huu unaanzia hapa futi 1475 juu ya bahari na unaenda maili 2552. Mama alivua viatu, akakunja rinda, akashikwa mkono na kijana wangu wakavuka wakiwa wanaongea tu. Alipofika ng'ambo akauliza, huu ndio ule mkubwa wa kwenye ramani ya shule? Nikamwambia ndio. Akarudi kuvuka tena peke yake. Mpaka leo hiyo picha iko kwa ukuta wake Kisii.

Kempu ziko mbili ndani, Bear Paw na Pine Ridge, zote ziko na nafasi za stima. Misonobari ya huko ni mirefu na mizee, mingine imepita miaka 200. Kwa sababu ya hiyo miti msitegemee intaneti ya dishi ya setilaiti, haioni anga.

mvita_duluth

Salaam. Naishi hapa Duluth, kwa hivyo nasema ya ziwa.

Watu wa bara huambiwa Superior ni ziwa wakafikiri kidimbwi. Sisi tuliozaliwa Mombasa tukisimama pale tunaona bahari, upande wa pili hauonekani, mawimbi yapo, ukungu upo, chumvi tu ndiyo haipo. Na baridi. Mwezi wa nane mchana mtavaa fulana ukiwa ndani maili chache kutoka pwani, lakini ukilala ukingoni upepo ukigeuka kutoka ziwani usiku unataka sweta na blanketi. Mama wa Nyeri ataizoea kuliko mimi, lakini mpakieni nguo nzito. Watoto wasiogelee Superior, maji yale yanagandisha miguu. Waogelee maziwa madogo ya ndani.

Mwezi mmechagua vizuri. Wa sita wale inzi weusi wadogo na mbu hawamwachi mtu anywe chai, wa nane wamepungua, dawa ya kujipaka bebeni tu. Kupe wapo, wakagueni watoto nyuma ya magoti na nyweleni kila jioni.

Kuni msibebe kutoka nyumbani. Kuna mdudu wa kijani anayeua miti anasafiri ndani ya kuni, na paki za jimbo zinataka kuni zilizoidhinishwa tu. Nunueni pale pale.

Kempu za watu binafsi hamkuziuliza sana ila nyingi huku zimejaa wapangaji wa msimu mzima, wanaacha treila zao toka Mei mpaka Septemba, na mgeni wa usiku mbili anapewa nafasi iliyobaki kando ya barabara. Pigeni simu muulize mtakaa nafasi gani hasa kabla ya kulipa.

shosho_anakuja

Jamani asanteni sana. Nimemsomea mzee yote, ya saa 4 usiku na ya inverta, akanyamaza halafu akasema basi tutafute ya stima. Trails End nimeachana nayo.

Nimeangalia leo asubuhi, Itasca wikendi zimejaa lakini Jumapili mpaka Jumatano Pine Ridge kuna nafasi moja ya stima, futi 45. Nimeichukua. Halafu Jumatano tunavuka kwenda Grand Marais, wao nimepiga simu kabisa, mama mmoja mpole akaniambia wana nafasi usiku tatu ila si ile ya mstari wa mbele, tunaona ziwa kwa kupenya katikati ya RV mbili. Nikasema sawa. Swali la mwisho, Itasca mpaka Grand Marais kwa siku moja ni mbali sana na mama ndani? Na moto wa msitu, nasikia huko huchomeka?

treila_na_ziwa

Hongera dada, futi 45 ni nzuri, hapo shemeji anaingia bila jasho.

Ni mbali kwa siku moja na mama. Itasca mpaka Duluth weka masaa matatu na nusu kwa RV, na Duluth mpaka Grand Marais ni maili 110, masaa mawili na nusu ukienda taratibu kwenye barabara kuu ya 61. Muombe huyo mama wa simu akusogezee mpaka Alhamisi, Jumatano mlale Two Harbors, Burlington Bay, mvuke asubuhi. Usiendeshe jioni giza likiingia, paa wanaruka barabarani na huko juu kuna mooz, mnyama wa jamii ya paa ila mkubwa sana, huyo ukimgonga gari limekwisha.

Moto ni kweli. Mwaka 2021 mwezi huo huo wa nane moto wa Greenwood ulichoma zaidi ya ekari 26,000 na Boundary Waters, ile hifadhi ya misitu na maziwa mpakani na Kanada, yote ikafungwa. Angalia kila asubuhi kama kuwasha moto kumeruhusiwa, na tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu ukiwa kaskazini ya Two Harbors.

shosho_anakuja

Nimewapigia tena, wamesogeza. Alhamisi mpaka Jumapili. Na amenipa nafasi nyingine kwa sababu kuna mtu amekansel, mstari wa mbele.